Jani la Isale Ndani ya Kompyuta

Wiki mbili baada ya kumzika Baba, mimi na mdogo wangu tulianza kupunguza vitu kabatini mwake. Kwenye droo ya mwisho, chini ya risiti za umeme na miwani iliyovunjika mkono, nilikuta waya mpana wa kijivu, bapa kama utepe, ule uliokuwa ukiunganisha diski na kompyuta zamani, kabla ya nyaya nyembamba za siku hizi. Mdogo wangu aliuchukua autupe kwenye kiroba cha taka. Nikamkamata mkono kwa nguvu hadi akashangaa. Niliunusa waya ule kama mwehu. Ulikuwa bado na harufu ya vumbi lililopashwa moto, na harufu hiyo ikanirudisha sebuleni kwetu Makumira, nina miaka tisa, nimekaa kwenye kigoda nikimwomba Mungu nife kabla ya saa kumi jioni.

Saa kumi ndiyo saa aliyorudi Baba kazini. Alikuwa akivua viatu, anakunywa chai akiwa amesimama, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye kompyuta. Mashine ile alipewa ofisini kwao walipobadilisha za zamani, na sisi tuliipokea kama mgeni kutoka Ulaya. Mama aliifumia vitambaa vitatu, kimoja cha kioo, kimoja cha kibodi na kimoja cha sanduku lenyewe, ambalo sote tuliliita sipiyu. Tatizo lake lilikuwa moja, ilichemka. Kwa hiyo Baba alifungua ubavu wa sipiyu, akauweka chini ya kochi, akaelekeza feni ya mezani kwenye matumbo yaliyo wazi. Akatoa na amri. Kuangalia ruksa, mkono usiingie.

Mwaka ule Bibi, mama yake Baba, aliteremshwa kutoka mlimani kuja kuugulia kwetu, maana sisi tulikuwa karibu na barabara na hospitali. Bibi alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuviacha hadi mwisho, kichupa chake cha ugoro na kichwa kilichojaa majina. Alijua kila chemchemi upande wetu wa Meru, nani alichimba mfereji upi, nani aligombana na nani juu ya maji, na nani amelala chini ya mgomba gani. Baba alikuwa mzaliwa wake wa kwanza, na aliona wazi kwamba vitu hivyo vinaondoka. Akaleta maikrofoni, akamketisha Bibi mbele ya kompyuta, akamwambia asimulie.

Walirekodi siku saba. Kila siku kabla ya kuanza, Bibi aliiamkia mashine. Aliiita "chuma". Alikuwa anainama kidogo mbele ya maikrofoni na kuuliza, kwa Kimeru, chuma kimelalaje, na Baba alikuwa akimwambia mama yake, haijibu, na Bibi anasema si lazima ijibu, ilimradi inasikia. Mimi nilicheka. Lakini mtoto hucheka kitu huku anakiamini, na mimi niliamini kabisa kwamba chuma kinasikia.

Siku ya saba mtu alimwita Baba getini, akatoka bila kuzima kurekodi. Nilikuwa nakatiza sebuleni mbio kutafuta mpira wa soksi, wenzangu wananingoja nje tumalize rede. Bibi akaniita, akaniomba maji ya kunywa. Ilikuwa labda mara ya sita siku hiyo kunituma. Nikamjibu, "Sitaki. Unanuka ugoro." Nikachukua mpira wangu nikatoka.

Nimeandika maneno hayo haraka ili yapite. Kwetu mtoto hakatai kutumwa na mzee, hata mzee awe wa jirani, hata akutume mlimani. Na mzee haambiwi ananuka. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi, nami ulimi wangu ulijikwaa siku ile ukavunjika. Niliporudi ndani Baba alikuwa ameketi, Bibi anaendelea na chemchemi zake, wala hakunitazama vibaya. Siku tisa baadaye akafariki, na mimi sikuwa nimempelekea yale maji.

Msiba ulipokwisha, Baba akanunua kaunta buku kubwa, akaanza kusikiliza zile rekodi moja baada ya nyingine na kuziandika. Alisikiliza sentensi, anasimamisha, anaandika, anarudisha nyuma. Rekodi moja ilimla kama wiki. Sauti ya Bibi ikawa inajaa sebuleni kila jioni, na watu wengine wa nyumbani walifarijika nayo. Mimi nilikuwa nahesabu. Alimaliza ya kwanza, akamaliza ya pili. Siku za mwizi ni arobaini, na mimi zangu nilizijua hata idadi, kwa sababu nilijua hesabu ya kuzidisha kwa saba. Alipoanza ya tano nikaacha kula vizuri.

Sikuogopa fimbo tu, ingawa fimbo niliiogopa, mimi ni mwoga wa kuzaliwa. Niliogopa Baba asikie kwamba maneno ya mwisho mama yake aliyoambiwa na mjukuu wake ni yale. Baba alinipenda waziwazi, kwa namna ambayo baba za wenzangu hawakufanya. Niliona kabisa upendo ule ukifika kwenye rekodi ya saba na kukomea hapo.

Ndipo nikakumbuka isale. Ni ule mmea wa majani marefu membamba tunaouotesha mpakani, na kila nyumba ya Wameru inao. Ukimkosea mtu kosa zito, unachukua jani lake, unalifunga fundo, unampelekea. Akiliona, hasira yake imekwisha, atake asitake. Nilishaona kwa macho yangu. Baba yangu mdogo alimtukana Bibi kwa ajili ya ng'ombe, akaja baada ya mwezi ameshika jani, na Bibi, ambaye alikuwa ameapa hatamtazama tena, alilipokea kwa mikono miwili huku amenuna. Baadaye alinieleza, bado amenuna, kwamba jani la isale halikataliwi.

Nililikata nyuma ya nyumba mchana, Baba yuko kazini na Mama yuko kisimani. Nikalifunga fundo. Lakini Bibi amezikwa mlimani, na hata ningefika, kaburini kulikuwa na udongo tu. Sauti yake haikuwa kule. Sauti yake ilikuwa sebuleni kwetu, ndani ya chuma. Nikainua kitambaa cha Mama, nikaingiza mkono pale palipokatazwa, nikalisokomeza jani kati ya diski na ule waya mpana wa kijivu, likakaa vizuri. Nikasema, "Bibi, nimekosa." Ningeishia hapo ningekuwa mtoto mwema. Lakini woga hauna adabu. Nikaongeza, "Na ile ya saba isifunguke."

Jioni ile Baba aliwasha kompyuta, tukala, tukalala. Nikadhani nimepona. Ilikuwa siku ya pili au ya tatu ndipo Baba alipobonyeza kitufe na mashine ikachukua muda mrefu kuamka hivi kwamba Mama alichambua mchele wa watu wanne na kuumaliza. Kishale cha kwenye kioo kikawa kinaruka badala ya kuteleza. Kisha Baba akafungua rekodi, na Bibi akaanza kuongea.

Hakuongea kama zamani. Alitoa nusu ya neno, akakwama, akarudia ile nusu, akanyamaza, kisha maneno matatu yakatoka kwa pamoja yamesongamana. Katikati kulikuwa na mikwaruzo kama pumzi. Mimi nilikuwa chumbani siku Bibi alipokata roho, hawakuwahi kunitoa, na ile sauti niliijua. Ilikuwa ile ile. Bibi alikuwa anakufa tena, mle ndani, na safari hii nilijua nani amemuua. Nilimwomba rekodi isifunguke na yeye akanisikia.

Baba alihangaika wiki nzima. Aliendesha dawa ya virusi. Aliendesha ile programu ya kupanga diski, tukakaa tukiangalia vijumba vya rangi vikihama kimoja kimoja, jioni tatu mfululizo, na mwisho wake hakuna kilichobadilika. Akaazima flashi ofisini ili aokoe rekodi japo moja, mashine ikamwandikia kwamba itachukua saa tisa, ikafika katikati ikaganda. Hapakuwa na nakala nyingine popote. Nilimsikia jikoni akimwambia Mama kwa sauti ya chini, "Diski inakufa. Ikifa hii, mama yangu amekwenda kabisa." Nilikuwa nyuma ya mlango nimeshika mdomo.

Siku iliyofuata nikaamua kulitoa jani. Hapo nikakutana na hofu mpya, maana isale ukishalipeleka huliombi tena. Kulirudisha ni kama kusema msamaha huutaki. Lakini kuliacha ni kumuua. Nikasimama mbele ya sipiyu muda mrefu, feni ikinipuliza usoni. Kompyuta ilikuwa imewashwa, Baba aliiacha ikijitahidi na ile flashi. Mwishowe nikanyoosha mkono, na kidole kilipogusa tu bati la pembeni, kitu kikaniuma hadi kwenye kiwiko.

Leo najua ni shoti. Nyumba yetu haikuwa na waya wa ardhini, na bati la kompyuta lilikuwa linatekenya kila aliyeligusa akiwa peku. Siku ile sikujua hivyo. Nilijua Bibi amenipiga mkono. Jani halikataliwi, wote walisema, na yeye amelikataa. Kama kuna mtoto aliyewahi kujiona amelaaniwa na dunia nzima, ni mimi nilivyokaa chini ya kochi, ubavu wa sipiyu mgongoni mwangu, nikisikia feni inazunguka.

Jumamosi Baba akaleta fundi kutoka Ngarenaro. Aliitwa Lomayani, mtu mzima, mpole, mwenye bisibisi mfukoni mwa shati kama wengine wanavyoweka kalamu. Nilimwamkia. Alikaa akaangalia Baba anavyowasha, akasikiliza Bibi anavyokwama, akauliza maswali machache. Kisha akachomoa umeme, akavuta sipiyu mwangani, akapiga magoti na kurunzi.

Nikaona mgongo wake umekakamaa. Aliutoa mkono taratibu, akaufutia suruali.

"Baba Ndeshi," alisema, "hili mimi siligusi."

Ndeshi ni mimi. Baba akainama akatazama. Jani lilikuwa limekauka likawa la kahawia, fundo bado limekaza. Fundi Lomayani ni Mwarusha, kwao wanaombana msamaha kwa majani yao mengine, lakini alikuwa ameishi na Wameru vya kutosha kujua kwamba isale lenye fundo si takataka. Lina mwenyewe aliyelituma, na lina mwenyewe wa kulipokea, na fundi si mmoja wao. Akakaa pembeni na bisibisi yake, mzigo akauacha kwa wenye nyumba.

Baba akamtazama Mama. Mama akatikisa kichwa. Niliuona uso wa Baba ukianza kwenda mbali, ukipita kwa ndugu zake, kwa baba mdogo na kesi zao za mipaka ya mashamba, na nikaelewa, hata kwa akili yangu ya miaka tisa, kwamba nikinyamaza sasa hivi kuna mtu mwingine atabeba.

"Ni langu," nikasema. "Nilimpelekea Bibi."

"Ulimkosea nini?"

Nikaonyesha kidole kwenye kioo kilichozimwa. "Iko kwenye ya saba," nikasema.

Baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alifuta mikono yake kwenye kanga ya Mama, akapiga magoti, akaingiza mikono yote miwili ndani ya sipiyu, akalitoa jani kama mtu anayepokea kikombe cha chai ya moto. Hakusema amekubali wala hajakubali. Alisema tu, akimwambia fundi zaidi kuliko mimi, kwamba mama yake alimzaa yeye kwanza, na mwenyewe asipokuwepo hupokea mkubwa. Akaliweka jani juu ya kitambaa.

Fundi akarudi kazini kama hakuna kilichotokea. Jani lilikuwa limeusukuma waya, kichwa chake kikawa kimechomoka kidogo upande mmoja, ncha kadhaa zinagusa na kuachia. Akautoa, akaweka mwingine aliokuja nao. Tukawasha. Nilifumba macho. Mchele mwingine ungechambuliwa. Mashine ilikuwa nzito vile vile, na Bibi alikwama pale pale kwenye nusu ya neno lake. Hata Baba kupokea hakukutosha.

Lakini Lomayani hakushtuka. Alifungua madirisha madogo ya maandishi ya Kiingereza, moja ndani ya jingine, akafika mahali akaguna. Diski ni nzima, alisema. Tatizo ni kwamba kompyuta ikipata makosa mengi kwenye njia ya diski, inaacha kuiamini ile njia, inajishusha kwenye mwendo wa zamani kabisa, wa kinyonga. "Na hairudi yenyewe. Waya nimebadilisha, lakini yenyewe bado imeyashika yale makosa. Mpaka uisahaulishe."

Mama akasema polepole, "Kama ukoo wenu."

Baba karibu acheke. Fundi akaifuta ile njia kwenye orodha ya kompyuta, kana kwamba haikuwahi kuwepo, akaizima mashine, akaiwasha. Ikaikuta njia upya, haina kumbukumbu nayo, ikaanza kwa mwendo wake wote. Iliamka kabla Mama hajakaa vizuri. Kabla ya kitu chochote Baba aliomba rekodi zote zihamishiwe kwenye diski ya pili aliyokuja nayo fundi, na ule mstari wa kijani uliokuwa ukituahidi saa tisa ulikimbia ukajaa tukiwa bado tunautazama. Baba alishusha pumzi nikaisikia hadi nilipokuwa.

Kisha akafungua ya saba. Hakunituma nje, na mimi sikuthubutu kutoka.

Bibi aliamkia chuma. Akasimulia, sauti safi, inatiririka kama maji ya mfereji asubuhi. Chemchemi, mgomba, ugomvi. Geti likagongwa, kiti cha Baba kikasogea. Halafu miguu yangu, mbio. Halafu Bibi akiomba maji. Halafu sauti nyembamba ya mtoto mwenye haraka zake. *Sitaki. Unanuka ugoro.* Miguu tena, mlango.

Nilingoja mkono wa Baba. Haukuja. Kwenye rekodi kulikuwa na kuku kwa mbali, na feni. Kisha nikamsikia Bibi akicheka, kicheko kirefu chenye kikohozi ndani yake, akasema peke yake kwamba ni kweli ananuka. Halafu sauti yake ikawa kubwa ghafla, na tulijua ameinama mbele ya maikrofoni.

"Na wewe, chuma," akasema, "umesikia. Usimwambie baba yake. Atampiga."

Baba akasimamisha. Fundi alikuwa anaangalia bisibisi yake. Mama alikuwa amejifunika mdomo na ile kanga. Baba machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu, na alitutazama wote mmoja mmoja, mimi akanimalizia.

"Mimi hapo sijasikia kitu," akasema. Akasogeza rekodi mbele.

Nilikua nikajifunza kompyuta, na leo naweza kukueleza kwa nini waya uliochomoka nusu hushusha mwendo. Naijua sababu na bado siiamini yote. Kuna upande wangu unaoshikilia kwamba chuma kiliambiwa kinyamaze kikajitahidi kunyamaza, hadi wenye siri walipokwisha kusameheana. Rekodi ninazo, nakala mahali patatu, na kila ninapozihamisha mstari ukisita kidogo tu moyo wangu unasita nao.

Mdogo wangu aliniuliza ule waya una nini. Chini yake drooni kulikuwa na kaunta buku. Nikafungua mwishoni, rekodi ya saba, mwandiko wa Baba uliolala upande. Chemchemi, mgomba, ugomvi, kila neno lipo. Kisha ameacha mistari minne mitupu, jani la kahawia lenye fundo limebanwa hapo, na chini yake Bibi anaendelea kuhusu maji.